Storm wa X-Men ni wa Kenya kweli? Na binti yangu aanze kusoma wapi?

BabaIgoma (Mwanza)

Wakuu, habari za jioni.

Binti yangu ana miaka 11. Likizo hii amemaliza katuni ya X-Men '97 mwanzo hadi mwisho, akairudia, na sasa hapa nyumbani mazungumzo ni Storm, yule shujaa anayeamrisha upepo na radi, asubuhi na jioni. Rafiki yake wa shule kamwambia Storm ni Mkenya. Amekuja kunibana nimthibitishie, na mimi Storm ninayemfahamu ni yule wa Halle Berry wa filamu za zamani, ambaye sikumbuki akiitaja Kenya hata mara moja.

Naomba mnisaidie. Huo Ukenya umo kwenye komiki zenyewe au mashabiki wameutunga? Kama umo, kwa nini filamu ziliuacha? Na nikitaka mtoto asome habari za Storm kwa mpangilio unaoeleweka, aanzie toleo gani? Duka la komiki hapa Mwanza sijaliona, kwa hiyo tutasomea kwenye tableti. Kiingereza chake si kibaya, na panapomshinda tunasoma wote.

La mwisho: nasikia X-Men wa zamani wanarudi kwenye Avengers: Doomsday. Storm yumo?

TegetaMuvi (Dar)

Mkuu, nianze na hilo la mwisho. Machi 2025 Marvel walirusha ile video ndefu ya viti vyenye majina ya waigizaji. Upande wa X-Men wa zamani walitajwa Patrick Stewart, Ian McKellen, Alan Cumming, Rebecca Romijn, James Marsden na Kelsey Grammer, pamoja na Channing Tatum aliyeigiza Gambit kwenye Deadpool & Wolverine ya 2024. Halle Berry hakuwemo. Filamu yenyewe ilipangwa Mei 2026, ikasogezwa hadi Desemba 18, 2026.

Ile filamu ya X-Men itakayoanza upya na waigizaji wapya amekabidhiwa Jake Schreier, aliyeongoza Thunderbolts*. Marvel wanaweza kuitengeneza wenyewe kwa sababu Disney waliinunua 20th Century Fox Machi 2019, na haki za filamu za X-Men zikaja na mzigo huo. Picha za "Storm mpya" zinazozunguka TikTok kila wiki msizihesabu kuwa habari, mashabiki wanazitengeneza wenyewe.

Kuhusu kusoma, msubiri dada wa Changamwe apite hapa. Hiyo ni sehemu yake.

RangiChangamwe (Mombasa)

Kaka wa Igoma, salamu. Mwambie binti kwamba rafiki yake amesema kweli, ila habari yenyewe ina mambo zaidi ya hapo. Jina halisi la Storm ni Ororo Munroe, na mama yake anaitwa N'Dare, Mkenya wa ukoo wa kifalme. Baba yake ni David Munroe, Mmarekani mweusi, mpiga picha wa habari. Mtoto kazaliwa New York, mtaa wa Harlem, akahamishiwa Cairo akiwa mdogo sana, na Kenya aliifikia kwa miguu yake mwenyewe akiwa tayari yatima. Ukitoa kipande kimoja katika hivyo vitatu, unabaki na mtu mwingine kabisa.

Alitokea mara ya kwanza 1975, kwenye Giant-Size X-Men namba 1, mwandishi Len Wein, mchoraji Dave Cockrum. Profesa Xavier, mwanzilishi wa X-Men, anazunguka dunia kukusanya kikosi kipya: Nightcrawler Ujerumani, Colossus Urusi ya enzi za Sovieti, Banshee wa Ireland, Wolverine Kanada. Storm anamkuta Kenya akiwaletea watu mvua. Lakini hapo hatuambiwi alitoka wapi. Hilo lilikuja 1976, X-Men namba 102, Chris Claremont akiwa ameshika kalamu, na mimi kila anayeniuliza namwambia aanzie hapo.

Nikueleze kinachotokea ndani yake, maana hapa ndipo penye jibu la swali lako la filamu. X-Men wako Ireland, kwenye ngome ya ukoo wa Banshee, wanapambana na Juggernaut na Black Tom. Mapigano yanaingia ndani, kuta zinabana, na ghafla Storm anazimika. Hajapigwa na mtu. Anajikunja chini, anashindwa hata kusimama, wenzake wanaumia mbele yake na yeye hana la kufanya. Ndipo tunarudishwa Cairo, 1956, vita vya Suez. Ndege imeangukia nyumba yao. Baba amekufa, mama amekufa, na mtoto wa miaka mitano amebanwa chini ya kifusi ubavuni mwa maiti ya mama yake. Tangu siku ile, mahali pafinyu panamvunja. Mwanamke anayeamrisha tufani, ukimfungia kwenye chumba kidogo umemmaliza.

Sasa rudi kwenye filamu ya X-Men ya 2000. Inaanzaje? Inaanza Poland, 1944, kwenye kambi ya Wanazi. Mtoto wa Kiyahudi anatenganishwa na wazazi wake, ananyoosha mkono, geti la chuma linapinda. Huyo ni Magneto. Dakika chache tu, na filamu nzima unamwelewa hata anapofanya mabaya. Mwaka 2011 wakaja na First Class, wakarudi kwenye kambi ile ile, geti lile lile. Utoto wa Magneto umeigizwa mara mbili. Utoto wa Storm, ambaye naye ni mtoto aliyepokonywa wazazi na vita, na habari yake ilikuwa imeshachapishwa tangu 1976, hawakuugusa. Halle Berry aliupata upepo, radi na macho meupe. Kwenye filamu ya kwanza walimpa lafudhi fulani ya kigeni, kwenye ya pili, 2003, lafudhi ikapotea bila maelezo. Ya tatu, 2006, anaachiwa shule aisimamie baada ya Xavier, na hapo angalau walikumbuka kwamba yeye ni kiongozi. Lakini mtazamaji hajawahi kuambiwa huyu mama katoka wapi na anaogopa nini. Mtu asiye na anachokiogopa huwezi kumfuata kwa saa mbili.

Apocalypse ya 2016 ilinipa matumaini. Alexandra Shipp ndiye Storm, mwaka ni 1983, yuko Cairo, mwizi wa mtaani, nywele kaziacha katikati tu. Nikasema leo wameamua. Baada ya hapo anachukuliwa na Apocalypse, adui wa filamu hiyo, awe mmoja wa wale wapanda farasi wanne, na kuanzia hapo anasimama nyuma ya watu akirusha radi hadi karibu na mwisho. Wazazi wake hawatajwi kwa uzito wowote. Walifika mlangoni wakarudi.

Mimi kazi yangu ni kuchora matatu, kwa hiyo haya mambo nayaona kwa macho kabla ya maneno. Kuna mteja alitaka Storm nyuma ya gari, akaniletea bango la filamu kwenye simu. Nikamwomba aniachie nimchore yule wa Cockrum, na akakubali alipoona rasimu. Tofauti iko kwenye macho. Kwenye filamu yanageuka meupe yote, hayana mboni, na mtu asiye na mboni hakutazami. Wa Cockrum ana macho ya buluu yenye mboni iliyosimama wima kama ya paka, anakutazama wewe uliye nyuma yake kwenye foleni ya Makupa. Halafu nywele. Nywele nyeupe kwenye bodi nyeusi ukizipuliza nyeupe moja kwa moja zinakufa, hazina kina. Unaanza na buluu iliyokolea karibu na ngozi, unapandisha kijivu taratibu, nyeupe unaihifadhi hadi mwisho kabisa, kwenye ncha na upande ule radi inakopigia. Nikimaliza gari la namna hiyo watoto wa stendi wanajua ni nani bila kusoma jina.

Turudi kwenye kusoma. Baada ya 102, nenda 117 ya 1979. Xavier anakumbuka safari yake ya Cairo, kabla X-Men hawajakuwepo, ambako kasichana kalimchomolea pochi. Ni Ororo, mwanafunzi wa Achmed el-Gibar aliyekuwa anafundisha watoto wizi. Kisha ruka hadi 170, 1983, mfululizo ule ule ukiwa sasa unaitwa Uncanny X-Men, Paul Smith ndiye anachora. Callisto, kiongozi wa Morlocks wanaoishi kwenye mahandaki chini ya New York, amemteka Angel. Wanapigana kwa visu, mmoja mmoja, na Storm, yule aliyekuwa akisema hatatoa uhai, anamchoma kisu. Kumbuka hayo yote yanatokea chini ya ardhi, yeye na hofu yake ile. Namba 173, yuko Japani, anakata nywele, anabaki na panki, anavaa ngozi nyeusi. Kitty Pryde, aliyekuwa anamwona kama mama, analia akimwona. Wengi wanaipenda panki kwa ajili ya picha. Mimi naipenda kwa sababu ya 170 iliyo nyuma yake: mtu kafanya jambo ambalo hakudhani angeweza kulifanya, hawezi kuendelea kubeba sura ile ile.

Kisha 185 na 186, 1984. Kwenye X-Men '97 binti yako ameona Storm akipoteza nguvu kwa kujitupa mbele ya risasi iliyomlenga Magneto. Kwenye komiki silaha ile ilitengenezwa na mvumbuzi aitwaye Forge, anayeifyatua ni mtu wa serikali, Gyrich, na aliyekuwa akiwindwa ni Rogue, mwenzake Storm. Toleo la 186 limechorwa na Barry Windsor-Smith, na karibu lote ni watu wawili ndani ya nyumba wakizungumza. Anapendana na Forge, halafu anagundua kwamba silaha iliyommaliza ni kazi ya mikono yake.

Na baada ya hapo ndipo panapokuja namba 201, mwanzoni mwa 1986. Storm hana nguvu hata chembe. Mwenzake Cyclops anautaka uongozi wa X-Men. Wanaingia kwenye Chumba cha Hatari, wanakofanyia mazoezi, wapambane, mshindi aongoze. Cyclops ana ile miale ya macho, Storm ana mikono yake na akili yake. Storm anashinda.

Filamu saba, nane, na hakuna aliyeona kwamba hiyo ndiyo filamu. Wanaona hali ya hewa kwa sababu kompyuta inaweza kuichora. Ikiwa Schreier na wenzake watasoma matoleo mawili tu, yawe 102 na 201. Tumwone mtoto chini ya kifusi, halafu tumwone mtu mzima asiye na radi akiongoza watu wenye nguvu kuliko yeye.

MwalimuEmuhaya (Vihiga)

Dada, kazi yako naiheshimu na maelezo nimeyasoma hadi mwisho. Lakini umepita haraka sana hapo kwenye "akiwaletea watu mvua", na hapo ndipo mimi huwa nakwama.

Ufungue huo ukurasa wa 1975 uutazame vizuri. Wanakijiji wamepiga magoti, vifua wazi, mbele ya msichana mwenye nywele nyeupe wanayemwita mungu. Kijiji hakina jina. Watu hawana kabila wala lugha, hakuna barabara, hakuna shule. Mwaka huo Nairobi ilikuwa na chuo kikuu chake tayari. Hiyo ndiyo Kenya ya watu waliokaa New York, na tangu hapo kila mwandishi ameirithi.

Mimi natoka Bunyore. Huku ukoo wa Nganyi unajulikana kwa mambo ya mvua tangu enzi za mababu. Wana vichaka vyao vitakatifu, wanatazama miti inavyopukutisha na kuchipua, wanatazama wadudu, ndege na upepo unakotoka, wanakwambia mvua itaanza lini na itakuwa ya namna gani. Wataalamu wa idara ya hali ya hewa ya Kenya wamekaa nao kulinganisha utabiri, wakatoa tangazo la pamoja kwa wakulima. Hakuna anayewapigia magoti. Tena ni kazi yenye dhamana nzito: mvua isipokuja, watu wanakuja kwako kuuliza, na enzi za zamani hawakuja kwa upole. Sasa huyo Ororo wenu alikuwa anaulizwa na nani?

Kwa hiyo filamu zilipoiacha Kenya, mimi sikuumia. Afadhali kuachwa kuliko kuchorwa vile.

TegetaMuvi (Dar)

Mwalimu umegonga penyewe. Na mimi niongeze la kwetu: komiki zinasema alitembea hadi Serengeti halafu zinasema Kenya, na Kilimanjaro nao unatajwa humo humo. Serengeti na Kilimanjaro viko Tanzania. Waandishi wametuchanganya miaka hamsini. Kama filamu mpya itakuja Afrika Mashariki, waangalie ramani kwanza.

RangiChangamwe (Mombasa)

Mwalimu, asante. Nimekaa na maneno yako tangu jana kabla ya kujibu.

Ukurasa ule sitautetea. Nimeuchora upya mwenyewe kwa mazoezi na nilipofika kwa wale watu waliopiga magoti nilitambua kwamba hakuna hata uso mmoja uliomalizwa. Mchoraji alimpa Storm kila kitu, wale wengine ni migongo. Ukiwa na brashi mkononi jambo hilo huwezi kulikwepa. Nikubali pia kwamba Xavier anapomwambia pale pale kwamba yeye si mungu, ni mutanti, yaani mtu aliyezaliwa na nguvu zisizo za kawaida, hilo halijibu swali lako. Linamwondoa Storm kijijini, linawaacha wale watu bila mvua, na hadithi haigeuki nyuma kuwatazama.

Lakini sikubali kwamba dawa ni kuiacha Kenya. Kuna toleo ambalo limejaribu kugeuka, namba 198 la 1985, Barry Windsor-Smith tena. Storm hana nguvu, anatembea peke yake Afrika wakati wa ukame. Anakutana na binti mjamzito aitwaye Shani, anamfikisha kijijini kwao, anamzalisha. Hawezi kuwaletea mvua, na anayemwongoza ni mzee wa pale, Mjnari. Ardhi ile inalisha watu wa idadi fulani tu, na mzee anaamua kuondoka duniani ili mtoto aliyezaliwa apate nafasi. Mwaka huo huo Marvel walitoa komiki maalumu, Heroes for Hope, kuchangia waathirika wa njaa Afrika, kwa hiyo unaelewa mawazo yalikuwa wapi. Kijiji cha 198 bado hakina jina, na falsafa ile ya mzee mimi mwenyewe inanikaba. Hata hivyo humo watu wana nyuso, wana majina, na Storm ndiye anayefundishwa. Ukilisoma baada ya ule ukurasa wa 1975 unaona mtu anahangaika kurekebisha.

Na swali lako, "alikuwa anaulizwa na nani", ndilo ningelipeleka kwa waandishi wa filamu kama ningekuwa na njia. Wingu halizuki hewani. Ukilivuta likanyeshe huku, kuna kule lilikokuwa likienda. Mtoto wa miaka 13, 14, hana wazazi, amefika kwa watu wa mama yake, amegundua anaweza kuita mvua, anashangiliwa. Halafu msimu unaofuata wanatokea watu wa upande wa pili wa mlima, mifugo imekufa, wanamwuliza. Komiki zina mhusika tayari wa kusimama naye hapo: Ainet, mama aliyemlea alipofika. Mpe Ainet kazi ya watu wa Nganyi, awe mtu wa kusoma miti na upepo, mwenye kuwajibika. Amfundishe Ororo kutazama kabla ya kuita. Hapo radi inakuwa na uzito, kwa sababu kila akiipiga tunajua kuna hesabu ya kulipa.

Wanaweza wakitaka. Black Panther ya 2018 ilitoka kwenye komiki zenye matatizo yale yale: T'Challa, ambaye ndiye Black Panther, aliundwa 1966 na Stan Lee na Jack Kirby, na M'Baku tangu 1969 aliitwa Man-Ape, akavalishwa ngozi ya sokwe. Ryan Coogler akaichukua hiyo, akamfanya M'Baku mtu wa heshima ambaye watu wanampenda hadi leo. Ruth E. Carter alipata Oscar ya mavazi, Hannah Beachler ya usanifu wa mandhari, na ukitazama unaona kitambaa kimetoka wapi, shanga zimetoka wapi. Waigizaji walizungumza Kixhosa. Februari 2018 ilionyeshwa Kisumu, kwao Lupita, baba yake akiwa ndiye gavana, na watu walijitokeza wamevaa. Ile Wakanda yao ilikuwa nchi ya kubuni. Kenya ipo, ina watu wa kuulizwa, na mmoja wao ni wewe.

Tegeta, la ramani nakuunga mkono. Mimi ningemtembeza kutoka Cairo kufuata Nile, apite Uganda, azunguke ziwa, aingie Serengeti kwenu halafu avuke kuja kwetu. Mpaka ule nyumbu wanauvuka kila mwaka, na yeye avuke.

TegetaMuvi (Dar)

Apite Mwanza basi, binti wa mkuu afurahi.

Swali la haraka dada: ile ndoa yake na T'Challa? Watu wanaiulizia sana kila Black Panther inapotajwa.

RangiChangamwe (Mombasa)

Ilikuwa 2006, Black Panther namba 18, mwandishi Reginald Hudlin. Ikavunjwa 2012 wakati wa vita vya Avengers na X-Men, baada ya Namor, mfalme wa baharini, kuifurikisha Wakanda. Kwenye filamu sioni njia: Chadwick Boseman alifariki 2020, na Wakanda Forever imetuonyesha kwamba T'Challa alizaa na Nakia. Nami sisikitiki. Ndoa ile ilimpa cheo cha malkia, na yeye cheo cha uongozi alikuwa ameshakipata kwa mikono yake ndani ya 201.

Anayetaka Storm wa sasa atafute mfululizo wake ulioanza Oktoba 2024. Mwandishi ni Murewa Ayodele, Mnigeria, michoro ya Lucas Werneck. Werneck anajua nywele.

BabaIgoma (Mwanza)

Nimesoma yote, na mtoto amesoma nami. Ile sehemu ya kifusi aliniomba nisimame kidogo, kisha akaniambia niendelee. Ameuliza maswali mawili ambayo mimi siyawezi. La kwanza, kama Storm alikuwa na miaka mitano 1956, leo si ni bibi? La pili, kwa nini Storm hakurudi kwa wale wanakijiji kuwaaga vizuri.

Na mimi nina langu: ile ya visu, na ile ya 186, zinamfaa mtoto wa miaka 11?

MwalimuEmuhaya (Vihiga)

Swali lake la pili ni bora kuliko langu. Mpe salamu kutoka Bunyore.

RangiChangamwe (Mombasa)

La umri: Marvel wanaisogeza miaka. Wahusika hawazeeki kwa kalenda yetu, kwa hiyo Suez imekuwa ikififishwa polepole, na matoleo ya karibuni yanataja vita bila kutaja mwaka. Filamu mpya italazimika kuamua. Magneto walimbakiza Auschwitz, ndiyo maana kila filamu inayosogea mbele umri wake unazidi kuwa mgumu. Storm wanaweza kumwekea vita vingine, au nyumba iliyoporomoka tu. Muhimu abaki Cairo, abaki chini ya kile kifusi, na mama awe pembeni yake.

La pili sina jibu la komiki la kumtosheleza. Katuni ya miaka ya 1992 hadi 1997, ile ambayo X-Men '97 imeiendeleza, ina kipindi ambamo anarudi Afrika kumwokoa mtoto aliyempokea kama mwanawe. Wamempa jina la yule mzee, Mjnari, na adui aitwaye Shadow King amemwingia mwilini. Anarudi kwa ajili ya mtu mmoja, anayemjua kwa jina. Mtafutie hicho.

Kuhusu umri wake yeye: mwanzishe na 201. Haina damu, na ameshamwona Storm asiye na nguvu kwenye '97, hatapotea. Kisha 102, msome wote wawili, maana ni nzito lakini ni fupi. Kisha 117. Ile 170 ina kisu kifuani na inaonekana, itazame wewe kwanza uamue, mimi ningempa akiwa na 12 au 13. Ya 186 iweke kando kwa sasa. Storm anazungumza humo kama mtu aliyechoka kuishi, na mapenzi yale ya Forge ni ya watu wazima. Akifika sekondari ataisoma mwenyewe.

Zote utazipata kwenye programu ya Marvel Unlimited, unalipia kwa mwezi. Angalia kitu kimoja: kuna mfululizo mwingine ulioanza 1991, unaitwa X-Men tupu, nao una namba 1 yake, ile ya Jim Lee. Huo si huu. Unaoutaka ulianza 1963, na ukiufungua pitia majalada hadi umwone Storm mwenye joho jeusi lililoshonwa kwenye vifundo vya mikono. Hapo mko sawa, endeleeni.